Shemeji Asivuke Kijito

Vijana wangu, nasikia siku hizi mtu akitaka msaada wa kisheria anakaribishwa ofisini, anapewa kiti na maji ya kunywa, kisha anaulizwa taratibu shida yake ni nini. Nawaonea wivu. Enzi zetu mwenye shida alikaa kwenye benchi la nje, upepo wa Ufipa ukamchapa mpaka akasahau nusu ya alichokuja kushtaki, na ile nusu iliyobaki ndiyo iliyosikilizwa.

Mimi nilikuwa tarishi wa Mahakama ya Mwanzo pale Sumbawanga, miaka ya Ujamaa. Kazi yangu ilikuwa kupeleka karatasi: samansi za kuwaita watu, na amri za hakimu baada ya watu kuitwa. Nilikuwa na baiskeli ya serikali, mkoba wa turubai, na koti la mvua lililozuia mvua zote isipokuwa ile iliyonyesha.

Mnaiona kazi ndogo. Haya, nendeni mkampe mtu mzima habari mbaya nyumbani kwake, mbele ya mkewe, halafu mwombeni aweke sahihi kwamba ameipokea. Ina ufundi wake. Kwanza unasalimia, na salamu za Wafipa hazina haraka. Unauliza watoto, ng'ombe na mvua. Ukimkuta na jembe mkononi unasubiri aliweke chini, maana karatasi ya serikali haijawahi kushindana na jembe. Pombe ya ulezi usiionje kabla ya sahihi. Ukishainywa umekuwa mgeni, na mgeni anayemshtaki mwenyeji wake hana adabu. Akikataa kabisa kusaini, mkabidhi balozi wake wa nyumba kumi, upate risiti, uondoke.

Wengine hawakukataa, walikuwa tu hawapo. Mkewe alitoka nje akipangusa mikono, akasema mzee ameteremka ziwani, Wampembe, kununua samaki. Kila mshtakiwa wa nyanda hizi alikuwa Wampembe. Kama ingekuwa kweli, wavuvi wa kule wasingepata pa kutandika nyavu. Niliitikia, nikaomba maji, nikakaa kivulini nikimsifu kuku aliyekuwa akipita, mpaka yule mzee akachoka kukaa uvunguni.

Wosia nao ulionekana uchuro. Baba akitamka kwamba anataka kuusia, wanawe walikuja kumtazama kama macho yameingia ndani. Waliokuwa na ujasiri waliusia kwa mdomo, na sheria ya mila iliruhusu, mradi wawepo mashahidi wa ukoo na wasio wa ukoo. Tatizo ni kwamba kwetu watu wakikusanyika bila pombe wanadhani kuna ugomvi. Mzee mmoja wa upande wa Kasense alipikisha pombe, akausia jioni, wote wakaitikia. Alipofariki, mashahidi walikuja mahakamani wamevaa vizuri, na kila mmoja alimkumbuka ng'ombe wa rangi yake. Karani wetu, Bwana Ambokile, mtu wa Tukuyu aliyeletwa na kazi akaishia kuoa hapa, aliandika rangi zote kwa uaminifu, kisha akamuuliza hakimu kama tunagawa mirathi au tunaanzisha mnada. Tangu hapo kila aliyemuuliza habari za wosia alijibiwa neno moja: usia asubuhi, pombe baadaye. Nami nawaachia hilo hilo, halijachuja.

Lakini mliyotaka kuniuliza ni habari ya zuio, kwa sababu mmoja wenu dada yake anasumbuliwa na ndugu wa marehemu mumewe. Basi nitawasimulia la Skolastika. Kijiji sikitaji. Kiko njia ya Namanyere, na wajukuu wa wahusika hunisalimia sokoni kwa heshima, sitaki waache.

Mume wake, Fidelis, aliusia bila pombe, maana alikuwa na homa kali na hata uji haukupita. Alimwita baba yake mdogo, binamu yake, katekista na jirani. Akasema nyumba ni ya Skolastika na watoto, na shamba ni lao pia, pamoja na ntumba zilizomo. Akasema tena kwamba mke wake asirithiwe na mtu asipotaka mwenyewe. Mdogo wake, Ponsiano, hakuwepo. Alikuwa Wampembe kununua samaki, na safari hiyo, ajabu, ilikuwa kweli.

Kwa asiye Mfipa nieleze ntumba. Mvua zinapoelekea kwisha tunalima nyasi na kuzifukia katika matuta ya mviringo. Zinaozea humo kiangazi chote, na mvua zikirudi tunayasambaza matuta tukapanda ulezi. Anayelima ntumba anazika jasho la mwaka huu ili ale mwaka ujao. Skolastika na Fidelis walikuwa wamejaza shamba zima, kisha Fidelis akafa.

Ponsiano alirudi na samaki, akalia kwa uchungu wa kweli, nisimpunje. Matanga yalipokwisha alianza kusema kwamba wosia uliosemwa bila ndugu wa tumbo moja ni maneno ya homa. Nyumba ya kaka yake haiwezi kukaa bila mwanamume, na mwanamume huyo anajulikana. Skolastika alikataa. Ponsiano akavunja mlango, akamtupia vyungu nje, akamwambia kama hataki basi arudi kwao mikono mitupu, watoto watabaki kwenye ukoo wao.

Mama huyo alibeba wa mgongoni, akawaficha wakubwa kwa katekista, akatembea. Alilala kwa jamaa yake Kasense, asubuhi akawa kwenye benchi letu. Sauti yake ilikuwa ndogo mno. Hakimu alimwomba aongeze, naye akaendelea vilevile mpaka hakimu akasogeza kiti chake.

Shauri halikuchukua muda. Mashahidi walikuja wakiwa hawajanywa, wakasema maneno yanayofanana. Wosia ukasimama. Ilibaki kumzuia Ponsiano, na hapo ndipo wazee wa baraza wanaokaa na hakimu walipofikiri kweli kweli. Azuiwe kwa umbali gani? Mmoja akasema hatua, mwingine akauliza hatua za nani. Wa tatu, aliyezijua nyumba zile, akakumbusha kwamba kati ya boma la Ponsiano na la Skolastika kuna kijito, Ponsiano huku upande wa barabara, Skolastika ng'ambo, na shamba lake lote liko ng'ambo. Hakimu akaipenda. Ikaandikwa: Ponsiano asivuke kijito mpaka mahakama itakapoamua vinginevyo, akivuka atafungwa.

Nimepeleka amri nyingi, lakini iliyo nzuri kama ile sikumbuki. Haikuhitaji kupimwa wala kujua kusoma. Kila mtu aliweza kuona maji na kuona miguu ya Ponsiano. Nilimkuta analima, nikangoja aweke jembe, akasaini. Miezi ile ya baridi alikaa upande wake akitazama moshi wa upande wa pili, na Skolastika akalala usingizi.

Ndipo ikaja Operesheni ya kuhamia vijijini.

Mmesoma shuleni, sitawafundisha. Watu waliokuwa wametawanyika waletwe pamoja wapate shule, zahanati na maji. Shule ile nzuri, wanangu wameisoma. Ila kabla ya shule yalikuja malori. Moja lilikuwa la mfanyabiashara wa mjini, Mzee Salum, aliyeombwa kulitoa kwa namna ambayo haikuhitaji jibu. Nilikuwa nikipita na baiskeli siku hiyo. Lori lilikuwa limevuka kijito, limepakia watu wa ng'ambo na vitu vyao, Skolastika amekaa juu ya kinu chake na watoto wamemzunguka. Likarudi huku, likasimama kwa Ponsiano. Ponsiano akapandisha kitanda, akapandisha mbuzi, akapanda mwenyewe.

Niliitazama miguu yake. Haikuwa imevuka maji yoyote. Aliyevushwa ni Skolastika.

Kijiji kipya kilipangwa kando ya barabara kwa mistari iliyonyooka, kila nyumba kigingi chake. Bwana mpimaji alikuwa kijana mwenye roho nzuri. Alipoona kwenye majina kuna mjane, aliuliza kama hana ndugu, akaambiwa ana shemeji. Akampa kigingi kinachofuatana na cha shemeji, ili asikose wa kumwangalia. Mwezi haukwisha, nyumba zikahesabiwa kumi kumi, na watu wakachagua mabalozi. Ponsiano alikuwa mchapakazi, anajua kuongea mkutanoni, tena hakuwahi kutoroka kazi ya kijiji. Wakamchagua. Nyumba ya Skolastika ilikuwa miongoni mwa kumi zake.

Sasa sikilizeni hali ilivyokuwa. Balozi ana wajibu wa kukagua usafi. Kila asubuhi Ponsiano aliingia uani kwa Skolastika kukagua choo. Alikikuta hakina mfuniko; ulipowekwa, mfuniko ukawa mdogo; ulipokuwa mkubwa, njia ya kwenda chooni ikawa na majani. Akimaliza choo alisimama mlangoni, akasema kwa upole kwamba nyumba yenye mwanamume haina kasoro hizi. Kisha akawahesabu watoto kwa sauti, kana kwamba ni mbuzi wake walioazimwa. Mwenyekiti wa kijiji alipoambiwa alisema hiyo ni kazi ya taifa.

Nilipoleta samansi za watu wengine Skolastika alinisubiri barabarani. Aliniuliza amri ya hakimu imekufa au ingali hai. Nikamjibu kwamba iko hai kabisa, ila iko kijitoni. Hakucheka, wala mimi sikukusudia kumchekesha. Nikampa ushauri wa kikazi: aje afungue shauri jipya, mahakama ibadili mpaka. Atahitaji barua ya utambulisho ya balozi wake.

Akaenda kuiomba. Ponsiano akamuuliza kwa adabu barua ni ya nini, akaambiwa ni ya kumshtaki yeye. Akasema hana tatizo, ila karatasi zimekwisha, aje kesho. Kesho hiyo ilikuwa ndefu. Watoto walianza kulala na nguo za kutwa, kwa sababu mama yao alitaka wawe tayari kukimbia. Hilo aliniambia mwenyewe, na nilipanda baiskeli nikiwa na hasira ambayo tarishi hapaswi kuwa nayo.

Mvua zilikuwa zinanukia. Kamati ya kijiji ikakaa kutafuta mahali pa shamba la ujamaa. Walikuwa wamechelewa, hakuna aliyelima ntumba msimu ule, kila mtu alikuwa anahama. Mjumbe mmoja akasema ng'ambo ya kijito kuna shamba limejaa ntumba nzuri, zimeiva, ni kusambaza tu na kupanda. Wakafurahi sana. Hakuna aliyeona ubaya wa kuanza ujamaa kwa jasho la marehemu.

Skolastika alilia siku hiyo, jirani zake waliniambia. Ule ulezi ndio ungewalisha watoto mwaka mzima. Lakini asubuhi ya kwanza ya kazi alikwenda pamoja na wengine. Kila balozi alitakiwa kuongoza watu wake mpaka shambani, mbele kabisa, jembe begani. Ponsiano alipiga filimbi, akaongoza vizuri, na walipofika kijitoni akakunja suruali. Skolastika alikuwa ametangulia. Amesimama ukingo wa pili, maji yanamdondoka miguuni, akamwita mwenyekiti kwa ile sauti yake ndogo, na watu wote wakanyamaza ili wasikie.

"Mwenyekiti, huyu akivuka anafungwa. Na wewe uliyemwona akivuka utaitwa kutoa ushahidi."

Mwenyekiti alikuwa anaogopa vitu viwili, Chama na mahakama, na sasa vilikuwa vimesimama kila kimoja ng'ambo yake. Akamwambia Ponsiano asubiri kidogo. Watu wakavuka. Ponsiano akabaki na suruali imekunjwa. Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa. Alifika mpaka kijitoni, akahesabu watu wake wakivuka, akarudi peke yake kijijini kwa wazee na kuku. Kwa vijana wa leo hilo si kitu. Miaka ile mtu mwenye nguvu asiyeshika jembe mchana aliitwa kupe, na alipoitwa hivyo hata mkewe alisita kumpakulia. Watoto walianza kumwita Bwana Kijito.

Akaja mjini. Nilikuwepo alipoingia kwa Ambokile kuomba zuio lake liondolewe ili atimize wajibu wa ujenzi wa taifa. Ambokile akavua miwani, akamwambia ombi ni zuri, alete barua ya utambulisho ya balozi wake.

"Balozi ni mimi," akasema Ponsiano.

"Basi jiandikie. Karatasi si zipo?"

Alijiandikia, akajitambulisha kuwa ni mtu mwenye tabia njema. Nikapewa samansi ya kumpelekea Skolastika, kwa sababu zuio haliondolewi bila kumsikiliza aliyelindwa nalo. Ndiyo samansi pekee katika maisha yangu iliyopokelewa kwa furaha. Nikaletewa na kiti.

Siku ya shauri mwenyekiti wa kijiji alikuja pia, amechoka kuulizwa wilayani kwa nini balozi wake halimi. Hakimu alieleza jambo lilivyo, kisha akamgeukia Skolastika, akamuuliza kwa upole kama anaridhia shemeji yake avuke kijito. Skolastika aliinuka. Alikaza kanga iliyombeba mtoto.

"Mheshimiwa, nashukuru kwa kuniuliza kama yeye avuke. Siku nilipovushwa mimi kupelekwa kwake, nani aliniuliza?"

Mzee wa baraza aliyebuni mpaka wa kijito aliangalia mikono yake. Hakimu alishika kalamu, akaiweka, akaishika tena. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye sidhani alikuwa mtu mbaya, ndiye aliyesimama. Akasema kweli hatukuuliza. Akasema kuna kigingi upande wa mwisho wa kijiji, katika kumi za balozi mwingine, mwanamke, na kijiji kitamjengea Skolastika nyumba pale kwa nguvu za wote.

Hakimu aliandika. Skolastika ahamie huko, na Ponsiano asikanyage uani kwake wala kukagua chochote chake, hata choo. Watoto wakae na mama yao kama marehemu alivyosema. Ardhi ya ng'ambo ni ya kijiji, lakini ntumba zilizolimwa na marehemu na mkewe zimo katika wosia, na ulezi utakaoota humo msimu huu ni wa mjane. Kijiji kilime pembeni. Na kijito? Kijito kibaki palepale mpaka mjane atakapomaliza kuvuna, ndipo Ponsiano avuke.

Hivyo nyumba ikajengwa na ulezi ukavunwa. Msimu ule wote Ponsiano alikaa upande huu, na kwa kuwa hakuweza kukaa bure, alitengeneza barabara ya kijiji peke yake. Ndiyo hiyo hiyo mnayopita.

Nikadhani habari imekwisha. Miaka mingi baadaye, Ujamaa wenyewe umeshaanza kuzeeka, asubuhi moja wakaingia mahakamani watu wachache, mbele yao Skolastika, nywele zake zina mvi. Alitaka kuusia, kwa maandishi, akili ikiwa timamu na tumbo halina pombe. Nyumba kwa binti yake mkubwa, ng'ombe na vingine kwa wadogo. Ambokile akamuuliza mashahidi wako wapi. Akaonyesha jirani zake wawili, na binamu wa mumewe. Akaulizwa shahidi mwingine wa ukoo ni nani, maana watoto ni wa ukoo wa mume. Akageuka kutazama mlangoni.

Ponsiano aliingia taratibu, ana fimbo ya kutembelea. Akasimama mbali na Skolastika, kwa mazoea. Ambokile hakuamini. Alimweleza Ponsiano wazi kwamba shahidi wa wosia hutia dole hata kama anajua kuandika, na anayetia dole hapati kitu katika wosia huo, wala hawezi baadaye kusema hakuusikia. Ponsiano akasema ameshaelezwa, njia nzima alikuwa anaelezwa. Kisha akamgeukia Skolastika, na mzee mzima akauliza kama mtoto anayejua jibu:

"Kwa hiyo mimi, shemeji, umeniachia nini?"

"Nimekuachia kusema kweli siku nikifa. Kaka yako alipousia hukuwepo. Leo upo."

Ponsiano alikitazama kidau cha wino kilichokuwa mezani. Akabonyeza dole gumba humo, akalikandamiza kwenye karatasi kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika, akabaki ameliinua juu, hajui alipangusie wapi. Skolastika akamsogelea, akampa ncha ya kanga yake.